Ile Dawa ya Kijani ya Rejeta

Gereji, Bariadi
Saa nane mchana

Minza mayu, mama yangu,

Umepanda baiskeli kwenda Nkololo kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla jua halijaanza kushuka, maana bibi yako hamruhusu mtu kuondoka bila kula mara mbili. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Nimerudishia mlango mmoja wa gereji ili watu wadhani nimefunga, nimekaa juu ya lile gurudumu la lori, na nimechana karatasi za nyuma za daftari lako la darasa la saba. Samahani kwa daftari.

Barua za kwetu huanza na salamu ukurasa mzima, mimi sijambo hofu kwako, ng'ombe hawajambo, mvua imeadimika, halafu dhumuni linakuja karatasi ikiwa imekwisha. Nikianza hivyo leo sitafika, najijua. Mambo ya kula vizuri na kufunga mlango na kutomwamini kila anayecheka nawe, mama yako ameyasema tangu Jumapili na hata sasa namsikia anamwambia jirani yale ambayo bado hajakuambia. Mimi siongezi hata moja.

Nataka kujibu swali lako la Jumanne.

Ulikuwa umekaa hapa hapa na ile karatasi ya masharti uliyotumiwa kutoka Kenya, unanisomea kwa sauti. Gari litakaloingia uwanja wa mbio liwe na maji matupu kwenye rejeta, na kidogo tu ile dawa ya kuzuia kutu. Liwe na kopo la kupokea maji yakifurika. Kulanti ya kijani, ile dawa ya kupoza injini, marufuku, na ikikutwa hata kidogo gari linatolewa nje. Ukainua macho ukaniuliza, "Baba, kwa nini wanaikataa ya kijani?" Nami nikasema, "Sijui, mayu. Mambo yao hayo." Nikaendelea kukaza nati ambayo nilikuwa nimeshaikaza.

Nilikuwa najua. Hakuna mtu Bariadi nzima anayejua kuliko mimi.

Lakini kabla sijafika huko acha kwanza nikusifu, kwa sababu mdomoni huwa sikusifu, nakupigia tu kelele za spana zimewekwa wapi. Wewe unanishinda, Minza. Nimesema. Usije ukamwonyesha mama yako sehemu hii, atanicheka mpaka Pasaka.

Nilijua siku ile ya Lamadi. Tulikwenda kutengeneza pikapu ya yule mama muuza samaki, na pale barabarani tukakuta lile gari lenye namba kubwa milangoni, linatoa mvuke kama jiko la msibani. Mwenyewe alikuwa bwana mfupi mwenye kofia, anapiga kelele kwa Kiswahili cha Nairobi. Aliona nina mikono michafu akajua mimi fundi, akaniambia, "Mzee, fungua hiyo rejeta tuongeze maji, nina haraka." Na mimi, Minza, mtu mzima mwenye miaka yote hii kazini, nilikwishachukua tambara. Nilikuwa naliendea. Haraka ya mtu mwingine inaniambukiza upesi, ndiyo ugonjwa wangu.

Wewe ukasimama mbele ya boneti. Ukasema, "Shikamoo baba. Haifunguliwi sasa."

Akakuuliza wewe ni nani. Ukamwambia, "Mimi ndiye nitakayekupeleka hospitali ikikurukia usoni." Halafu ukakaa juu ya jiwe. Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Yule bwana alizunguka lile gari mara sita, akatukana, akavuta sigara mbili, na wewe umekaa unamenya muwa. Ilipopita nusu saa ukanyanyuka, ukashika ule mpira wa juu wa rejeta kwa vidole kujua kama bado umekaza, ukafungua kifuniko robo, ukasikiliza, ukafungua chote. Kisha ukamwonyesha mpira uliokuwa umechanika kwa chini, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimepaona. Ukaniomba kisu, ukakata ile sehemu mbovu, ukaurudisha ukiwa mfupi na bado ukafika. Yule bwana akakuuliza umesomea wapi. Ukanisonda kidole mimi.

Mimi! Nilijisikia vizuri na nilijisikia vibaya, vyote pamoja, na hukujua kwa nini.

Sasa yule bwana anataka wewe ndiye uangalie maji na moto wa magari yake ya mbio. Watu hapa wanasema, yaani anatoka mtoto wa kike Bariadi anakwenda Kenya kujaza maji kwenye magari? Nimewaacha waseme. Gari linalozunguka uwanja kwa kasi ile dakika arobaini bila kupumzika, linaishi na kufa kwa maji yake, na maji yake ni wewe. Nani mwingine hapa alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya rejeta tu? Mimi nilikuwa nachota bombani, maji yetu haya ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, halafu nashangaa rejeta zinaziba. Ulikuwa na miaka kumi na mitano ukaniambia, "Baba, kama yanaharibu sufuria, rejeta itapona vipi?" Niligomba. Wiki iliyofuata nikanunua pipa la pili.

Na ule ujanja wako wa vidole. Ukiosha rejeta iliyokuwa na kulanti, mimi naridhika maji yakitoka meupe. Wewe unayasugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, na kama bado yanateleza unasema, "Bado imo." Unarudia mara ya tatu, ya nne. Unafungua na ile njia ya hita, kwa sababu huko ndiko inakojificha. Sikukufundisha mimi hilo. Nilikuwa najiuliza ulilitoa wapi.

Haya. Sasa nakuja.

Unakumbuka kidogo jinsi pamba ilivyokuwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika, na mimi na Masalu tulikuwa madereva wao. Lori langu na lori lake ziliegeshwa pamoja, tulikula sahani moja. Kama pamba ya Sapiwi haikubebwa Jumatatu ingebebwa Alhamisi, hakuna aliyekimbizana na mtu. Rejeta zetu zilikunywa maji ya mtoni na zilinyamaza.

Halafu soko likafunguliwa. Wakaja watu binafsi na mizani yao na malori yao, na ushirika ukayumba, na sisi tukapewa mkono wa kwaheri. Mimi nikachukuliwa na mnunuzi mmoja, Masalu akachukuliwa na mwingine. Tukawa wapinzani bila kugombana. Ilikuwa hivi: anayefika kwanza kijijini na lori na fedha taslimu ndiye anayebeba pamba. Anayefika wa pili anakuta wakulima wameshakunja magunia wanakwenda kunywa. Basi ikawa mbio. Tulikuwa tunaendesha malori ya tani saba kwenye njia za ng'ombe kama vijana wenye pikipiki. Huko unakokwenda wana uwanja, wana bendera, wana kofia ngumu. Sisi tulikuwa na honi tu.

Na maduka nayo yakajaa. Vitu ambavyo hatujawahi kuviona vikawa vimepangwa barabarani. Hapo ndipo nilipoiona mara ya kwanza, dawa ya rejeta, kijani kama majani mabichi, kwenye chupa zenye maandishi ya nje. Muuzaji akaniambia gari likinywa hii halichemshi tena maisha. Nikanunua chupa nne. Nilizileta nyumbani kama mtu aliyeleta mahari.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa unafukuza mbuzi waliokuwa wanakuja kwenye karai nililomwagia masalia, maana ile dawa ni tamu, mbuzi akiionja anarudi. Mimi nilikuwa namimina chupa ya tatu kwenye rejeta, tupu, bila tone la maji. Ukasogea ukaiokota chupa tupu. Kiingereza chako kilikuwa cha darasa la tano lakini kulikuwa na picha, chupa imegawanywa katikati, nusu kijani nusu maji. Ukasema, "Baba, hapa wamechora nusu kwa nusu."

Nilikuambiaje? Nakumbuka neno kwa neno. Nilikuambia, "Nenda kachunge mbuzi. Dawa ikiwa nyingi ndiyo nguvu." Maji yalikuwa ya bure na dawa ilikuwa ya kununua, sasa kipi bora? Ndivyo nilivyofikiri. Sikuwa najua kwamba ikiwa tupu haichukui moto vizuri, kwamba maji ndiyo yanayofanya kazi na dawa inayasaidia tu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa anajua, kwa sababu aliangalia picha.

Siku ya tatu, Julai, kiangazi kikavu, nilikuwa nakwenda Sapiwi. Sikuwa na utingo, alikuwa na homa. Nilijua Masalu ametoka mjini nyuma yangu na nilitaka nifike kwanza. Mshale wa joto ulianza kupanda nikiwa bado mbali na mto. Nikauona. Nikajiambia, dawa iko, halichemshi. Nikakanyaga mafuta.

Unapajua pale mtoni, ile njia ya zege inayoshuka, inapita juu ya mchanga na kupanda upande wa pili, haina ukingo. Nilipofika katikati ya mteremko mpira wa rejeta ulipasuka. Nilisikia tu puu! Kioo chote kikawa kijani. Nikasimamisha lori upande wa pili juu, nikatazama nyuma, na ule mteremko wote wa zege ulikuwa unang'aa.

Nilishuka, nikashuka tena kwa miguu mpaka mtoni kufukua mchanga nipate maji ya kuongeza. Nilipita juu ya ile zege. Niliteleza nikaanguka, Minza. Nikaanguka chali, nikainuka na suruali yote imelowa, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kwa hiyo nilijua. Usinipe nafasi ya kusema sikujua. Maji yangekauka kwa jua lile kabla sijafunga boneti, lakini ile haikauki, inakaa pale kama mafuta ya kupikia.

Mchanga ulikuwa chini yangu. Mto mzima wa mchanga! Ndoo nilikuwa nayo mkononi. Ndoo kumi za mchanga zingetosha, robo saa ya kazi. Hata tawi moja la mti lililowekwa barabarani, kila dereva anaelewa tawi. Nikafikiria robo saa, nikafikiria pamba ya Sapiwi. Nikafunga mpira kwa utepe na waya, nikajaza maji, nikaondoka.

Masalu alifika pale nusu saa baadaye.

Alivunjika paja. Lori lilitoka pembeni ya zege likalalia mchangani ubavu mmoja. Nilikuwa Sapiwi napakia pamba watu walipokuja wakikimbia kutuambia, na nilikuwa wa kwanza kumfikia, na mimi ndiye niliyemshika kichwa kwenye pikapu mpaka hospitali. Watu wakasema, ona rafiki. Baba yako alisifiwa siku ile.

Pale hospitali yule bosi wake akaja akamwuliza imekuwaje. Masalu akasema, "Nimeteleza. Nimekanyaga breki likateleza kama liko juu ya sabuni." Yule bwana akacheka. Akasema, "Kiangazi hiki cha Julai, uteleze na nini? Ulikuwa umelewa wewe." Na Masalu ni mtu asiyegusa pombe, mzee wa kanisa. Akanitazama mimi. "Mabula, waambie. Wewe umepita pale." Watu wote wakanigeukia.

Nikasema, "Mimi nilipita pale salama."

Maneno manne tu. Yakamfukuzisha kazi. Yakamvua uzee wa kanisa mwaka mzima na zaidi, kwa sababu habari za ulevi zilifika huko kabla mguu haujapona. Mfupa uliunga vibaya, akawa hawezi tena kukanyaga klachi. Leo ni fundi baiskeli pale chini ya bati mbili karibu na soko, na ukipita anakuita mwanangu. Na mimi nikajenga gereji hii.

Nilirudi nyumbani jioni ile. Wewe ulinivua viatu kama kawaida yako. Ukavishika, ukasema, "Baba, viatu vyako vinateleza." Nikakunyang'anya. Nilikugombeza sana jioni ile, kwa jambo jingine kabisa, sikumbuki lipi, nafikiri taa. Nimekuwa nikitaka kukuomba radhi kwa ile taa miaka yote hii, na nilishindwa kwa sababu isingewezekana kuomba radhi ya taa bila kufika kwenye viatu.

Basi ndiyo jibu la Jumanne, mayu. Wanaikataa ya kijani kwa sababu ya anayekuja nyuma. Gari lako likipasua mpira penye kona, maji matupu yanaondoka na upepo na joto la lami, yule wa nyuma anapita. Ile nyingine inamngoja. Anakuja na kasi yake, anaamini lami kwa sababu mzunguko uliopita ilikuwa kavu, anakanyaga breki na hapati kitu. Halafu watu wanasema alikuwa anakimbia mno.

Kwa hiyo huko, dereva wako akiona mvuke, atoke kwenye njia ya mbio aingie majanini, hapo hapo, hata kama anaongoza. Asijikokote kurudi kwako taratibu huku anadondosha mzunguko mzima. Watakuwa wanakupigia kelele, Minza, kwamba limebaki kidogo, kwamba ni matone tu. Najua utakavyofanya. Nilikuona pale Lamadi juu ya jiwe. Sikuandikii ili nikufundishe hilo, nakuandikia kwa sababu mimi nilikuwa na mto mzima wa mchanga na sikufanya, na sitaki uende kule ukisema umefundishwa na mimi bila kujua mimi ni nani.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na moja sasa, karatasi ina vumbi kwa sababu niliiacha juu ya gurudumu.

Nilipofika kwenye ule mstari wa mwisho hapo juu niliisoma tena, nikaona ninamwambia mtu ambaye jambo si lake. Namwandikia mtoto wangu jambo ambalo mwenyewe yupo hatua mia tatu kutoka hapa. Nikajisemea, Mabula, wewe ni mwoga mpaka kwenye karatasi. Nikatupa kalamu nikaenda kwa Masalu.

Nilimkuta ameshika ringi, ananyoosha spoku. "Mwadila," akanisalimia, nami nikaitikia mwadila. Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza habari za mvua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mto, zege, ndoo, na yale maneno manne ya hospitali. Aliendelea kuzungusha ile ringi. Nilipomaliza akasema, "Umechelewa."

Nikasema najua.

"Hujui," akasema. "Mtoto wako aliniambia akiwa darasa la sita."

Minza, nilikaa chini, pale pale kwenye mavumbi, nikiwa na suruali safi.

Akanieleza. Kwamba siku ya pili ya ajali ulikwenda na wenzako kuliangalia lori lililoanguka, na ukakuta ndama na mbuzi wanalamba zege. Kwamba ulikaa nalo miezi. Halafu siku moja ukamletea nyanya kwenye kikapu, yeye akiwa bado na magongo, ukasema, "Baba mkubwa, wewe hukulewa. Mbuzi walikuwa wanalamba zege, na viatu vya baba vilikuwa na ile dawa." Akakuuliza umemwambia nani. Ukasema hakuna. Ukamwuliza, "Nimwambie nani?" Naye akakujibu, "Usimwambie mtu. Tumngoje baba yako."

Akaniambia, "Nimekungoja miaka tisa, Mabula. Mwaka wa kwanza nilikungoja na hasira, ningekukuta peke yako ningekupasua na spana hii. Ukawa unakuja na sukari na sabuni, unakaa hapo, unaongea habari za mpira wa Simba na Yanga. Nikasema leo atasema. Husemi. Ukawa unaondoka. Ningekutangaza mara ngapi, lakini kila Jumamosi nilikuwa namwona yule binti anakuja kunisaidia baiskeli."

Jumamosi zako! Mimi niliyekuwa nagomba kwamba unapoteza muda na baiskeli wakati malori yanakungoja. Nilikuwa nadhani unampenda tu mzee wa watu. Ulikuwa unanilipia wewe, kwa mikono yako, pole pole, na hukunitazama vibaya hata siku moja. Na ule ujanja wa vidole, kusugua mpaka usiteleze, sasa najua umeutoa wapi. Umeutoa kwenye viatu vyangu.

Nimelia pale, sitakuficha. Masalu aliniacha nilie, hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Halafu akasema, "Kuniambia mimi si kazi, mimi nilikuwa najua. Jumapili utakuja kanisani kwetu, utasimama, uwaambie wale walioniita mlevi." Nikamwambia mimi ni Mkatoliki. Akaendelea na spoku zake. Nikasema nitakuja.

Nitakwenda, mayu. Utakuwa umeshavuka mpaka wa Sirari na hutaona, lakini mama yako atakuandikia kama nilisimama au sikusimama, unamjua haachi kitu. Yeye bado hajui. Nitamwambia leo kabla hajapakua chakula, na labda hatapakua.

Kuna jambo moja tu ambalo linanichoma kuliko lile la mto. Ni Jumanne. Ulikaa hapa na ile karatasi ukaniuliza kwa nini wanaikataa ya kijani, na ulikuwa unajua. Umejua miaka tisa. Ulikuwa unanifungulia mlango kabla hujaondoka, kwa adabu, bila kunisukuma, na mimi nikasema sijui. Ukasema, "Haya baba," ukakunja karatasi. Nimeikumbuka sauti yako njia nzima kutoka kwa Masalu.

Nasikia kengele ya baiskeli yako kule kona ya mashine ya kusaga. Nitaikunja hii niiweke juu ya kile kibegi chako cha spana, utaikuta usiku ukifunga mizigo.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi Masalu anakuja stendi. Amesema hawezi kukuacha uondoke bila kukuona, na amekununulia brashi ngumu ya kusugulia. Nitakuwepo, nitasimama karibu naye. Kabla hujapanda basi, Minza, nakuomba, niulize tena. Niulize kwa sauti, mama yako akisikia, na Masalu akisikia, na kondakta naye kama anataka.

Safari hii ninajua.

Baba yako,
Mabula